Mbona mwanangu anakopa halafu halipi? Maswali yenu ya hesabu

Toleo lililopita tulisema kwa mistari miwili tu kwamba kona hii itapokea maswali kuhusu hesabu za shule, za zamani na za siku hizi, na jamani mmeandika. Wengi mnalia kilio kile kile, kwamba mtoto anafundishwa vitu ambavyo mzazi havielewi na mzazi anajua vitu ambavyo mtoto anavikataa, kwa hiyo nimechukua barua chache zinazobeba na nyingine. Nimefupisha tu, maneno ni yenu. Mlionitumia picha za daftari nimeziona, ila miandiko ya wengine wenu mmh.

Shikamoo mwalimu. Naishi na baba yangu mzazi, ana miaka sabini na kitu, ndo anamsimamia mwanangu wa darasa la tatu homuweki jioni mi nikiwa bado dukani. Sasa kila siku ugomvi. Kwenye kutoa babu anasema "umekopa moja juu, lipa moja chini", mtoto anasema mwalimu hajasema kulipa, anakata tarakimu za juu tu. Majibu yanatoka sawa! Juzi mtoto kafanya kama babu, mwalimu kaweka kosa. Nani yuko sahihi? – Mama wa duka, Mbeya

Marahaba mama. Babu yuko sahihi, mtoto yuko sahihi, wa kwenda kuongea naye ni mwalimu, uende kwa upole lakini uende, maana jibu sahihi likiwekewa kosa mtoto anaanza kuamini hesabu ni kazi ya kumfurahisha mwalimu.

Tuchukue 503 toa 268, hii huwa inagombanisha watu kwa sababu ya ile sifuri ya katikati. Babu anaanza hivi: 3 toa 8 haitoki, anaipa 3 kumi inakuwa 13, 13 toa 8 ni 5, anaandika. Kwa kuwa juu kaongeza kumi basi na chini lazima aongeze kumi, ndo hiyo "lipa moja", ile 6 inakuwa 7. Sifuri toa 7 haitoki, 10 toa 7 ni 3. Analipa tena, 2 ya chini inakuwa 3, 5 toa 3 ni 2. Jibu 235 na hajakata tarakimu hata moja, ndo maana wazee daftari zao ni safi. Inafanya kazi kwa sababu ukiongeza kiasi kile kile juu na chini tofauti haibadiliki, wewe na mwanao mkipishana miaka 27 leo, baada ya miaka kumi mtapishana 27 hiyo hiyo.

Mtoto yeye haongezi kitu, anavunja. 503 ni mia tano na mamoja matatu, makumi hakuna. Anachukua mia moja anaigeuza makumi kumi, mia zinabaki 4, halafu kumi moja analigeuza mamoja, makumi yanabaki 9 na mamoja yanakuwa 13. 13 toa 8 ni 5, 9 toa 6 ni 3, 4 toa 2 ni 2. 235 vile vile. Halipi kwa sababu hajakopa kwa mtu, kavunja noti yake mwenyewe akapata chenji.

Njia ya babu ilitawala sana shule za Uingereza mpaka katikati ya karne iliyopita, na huku kwetu shule ziliendeshwa kwa mtindo wa huko, sasa babu wa miaka sabini na kitu kuijua si ajabu hata kidogo. Kilichoiangusha ni swali la "kwa nini". Marekani kulikuwa na mtu anaitwa William Brownell, mwaka 1949 yeye na mwenzake Moser walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa darasa la tatu, umri wa mwanao kabisa, wakilinganisha njia hizi mbili, kila moja ikifundishwa kwa kukariri na ikifundishwa kwa maelezo. Ile ya kuvunja ikifundishwa kwa maelezo ndo iliwasaidia watoto zaidi, hasa wakikutana na maswali mapya, na ile ya kulipa ilikuwa ngumu kumweleza mtoto mdogo ikaeleweka. Kwa kukariri tu, ya kulipa haikuwa mbaya. Kwa hiyo njia haikubadilishwa kwa sababu ina kosa, shida ilikuwa mtoto hawezi kusema kwa nini analipa.

Halafu wewe mwenyewe dukani unatumia njia ya tatu na hujui. Mteja kachukua vitu vya 2,650 kakupa noti ya 5,000, hukai kuandika juu na chini, unamhesabia mkononi: 50 inakuwa 2,700, 300 inakuwa 3,000, 2,000 inakuwa 5,000. Chenji 2,350. Umetoa kwa kupanda. Hii siku hizi iko mpaka kwenye vitabu vya shule nchi nyingi, wanachora mstari wa namba na mtoto anaruka ruka juu yake, na wazazi wakiona wanasema hesabu gani hizi, kumbe ni za dukani.

Ushauri: mwache babu aendelee, ila sheria iwe moja hapo nyumbani, anayetumia njia yoyote aeleze kwa nini inatoka. Babu akishindwa kueleza kulipa ni kitu gani, msomee aya ya juu hapo.

Mwalimu, mimi ni mstaafu. Sisi tuliimba tebo mpaka ya 12, asubuhi kabla ya kipindi, ukikosa unachapwa. Leo mjukuu wangu kidato cha pili anatoa simu kutafuta 7 mara 8. Hamuoni mmeharibu elimu? – Mzee wa Moshi

Shikamoo mzee wangu. Nusu nakuunga mkono, nusu tubishane kidogo.

Umewahi kujiuliza kwa nini tebo yenu iliishia 12 na si 10? Shilingi yetu ya Afrika Mashariki tangu 1921 ilikuwa na senti 100, kwa hiyo hela haikuhitaji 12. Waliohitaji ni Waingereza, peni 12 shilingi moja, shilingi 20 pauni moja, mpaka Februari 1971 walipobadilisha. Ila vipimo vyao tulivibeba vyote na hivyo ndo vilijaza daftari zenu: inchi 12 futi moja, futi 3 yadi moja, yadi 1,760 maili moja, aunsi 16 ratili moja, ratili 2,240 tani moja. Ukiwa mtoto wa Pwani unaongezea na za nyumbani, vibaba 4 pishi moja, na frasila yenye ratili kama 35. Mtoto wa enzi hizo alikuwa anapewa maili 3, yadi 240 na futi 2 ageuze ziwe inchi, ukurasa mzima, na hiyo ndo ilikuwa inaitwa hesabu. Ilipokuja kilo na mita mwishoni mwa miaka ya 60 na kuingia ya 70, kazi yote hiyo ikafa. Mjukuu wako anasogeza nukta tu. Kwa hiyo ukiona hajui vitu ulivyokuwa unavijua, vingine havina kazi tena mzee, tuvisindikize salama.

Tebo haijafa lakini, hapo niko na wewe kabisa. Mtoto asiyejua 7 mara 8 hakwami kwenye kuzidisha, anakwama mbele, kwenye kurahisisha sehemu, kwenye kugawanya kwa urefu, kwenye kutafuta KDS (namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote), kwenye kutafuta namba mbili ambazo zikizidishwa ni 56 na zikijumlishwa ni 15. Akili imejaa 7 mara 8 haina tena nafasi ya swali lenyewe. Simu haimsaidii, inabidi namba zimjie zenyewe.

Fimbo ndo tunapoachana. Kenya waliipiga marufuku mwaka 2001, kwetu Tanzania bado kanuni inairuhusu, ila si zaidi ya viboko vinne, na ni mkuu wa shule au aliyemteua yeye, na mzee tukiongea ukweli kanuni hiyo hairuhusu kumchapa mtoto kwa sababu ya 7 mara 8. Waliobaki na tebo kichwani baada ya fimbo ni wewe na wenzako mliomaliza, wale walioacha shule hatuwaulizi.

Jaribu hivi kwa huyo mjukuu. Kwenye tebo mpaka ya 10, toa ya 1, ya 2, ya 5 na ya 10, hizo kila mtoto anazo. Kumbuka 7 mara 8 na 8 mara 7 ni moja. Kinachobaki ni vipande 21 tu vya kukariri. Mwambie vipande 21, utaona uso unabadilika, maana yeye anafikiri ni mia. Vitatu kwa siku, wiki moja imeisha.

Hujambo mwalimu. Mamangu alifanya CPE, mtihani wa kumaliza msingi hapa Kenya, miaka ya sabini, anasema walisomeshwa "hesabu mpya" ya maseti na mabesi, halafu Moi akaipiga marufuku. Mimi nimetoka 8-4-4, mfumo wetu wa zamani, watoto wangu wako CBC, mtaala mpya wa umahiri. Nauliza, kweli rais anaweza kupiga hesabu marufuku? Na hiyo hesabu ilikuwa na makosa gani? – Baba wa watatu, Nakuru

Sijambo. Kweli kabisa, mwaka 1981 Rais Moi alitangaza hiyo hesabu mpya iondolewe shuleni, na ikaondolewa. Nigeria walikuwa wametangulia, wao 1977. Ila hadithi inaanzia mbali, inaanzia angani.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi wakarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, Wamarekani wakashtuka, wakaanza kuulizana shule zetu zinafundisha nini. Mwaka uliofuata ikaanzishwa timu kubwa ya wanahisabati chini ya Edward Begle kuandika upya vitabu vya hesabu. Uingereza nao mwaka 1961 wakaanza mradi wao wa vitabu, SMP. Wazo lao walikuwa nalo sawa, na mimi nalipenda mpaka leo: badala ya mtoto kukariri hatua, aone kwanza umbo la hesabu lilivyo, kwamba 3 jumlisha 5 na 5 jumlisha 3 ni kitu kimoja kwa sababu fulani, kwamba kuandika namba kwa makumi ni uamuzi tu wa watu wenye vidole kumi. Ndo maana wakaleta besi. 23 ya kawaida ukiiandika kwa besi tano ni 43, yaani tano ziko nne na mamoja matatu. Mtoto akifanya hiyo analazimika kufikiri ile 2 ya kwenye 23 ni mbili za nini.

Huku kwetu mlango ulikuwa Entebbe. Mwaka 1962, Uganda haijapata hata uhuru, hela zikatoka Marekani, wakakusanywa wanahisabati na walimu kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika wakakaa kando ya Ziwa Victoria kuandika vitabu vya shule vya Afrika. Waliendelea mwaka hadi mwaka, baadaye kazi ikahamia Mombasa. Vitabu vikaitwa kwa jina la Entebbe, vikajaribiwa nchi kadhaa. Kando yake kukawa na vile vya Afrika Mashariki vilivyotokana na SMP ya Waingereza. Yaani mamako alikuwa anasoma kitu kile kile anachosoma mtoto wa California na mtoto wa Southampton, miaka ile ile, na hiyo haijatokea mara nyingi.

Sasa ilianguka wapi? Fikiria mwalimu wa msingi, katoka chuo cha ualimu, kafundishwa riba na maili na yadi, anapewa kitabu ukurasa wa kwanza kina mabano yenye picha za mbuzi watatu na kuambiwa hii ni seti, na seti isiyo na kitu ndani inaitwa seti tupu. Semina wiki chache, ukikosa ndo basi. Atafanya nini? Atakariri hayo maneno na kuwakaririsha watoto. Hesabu iliyoletwa ili kuua ukariri ikakaririwa yenyewe. Mzazi anaona mtoto anajua seti tupu ila akitumwa dukani chenji inamshinda, mwajiri naye analalamika, na mtihani wa kitaifa unaonyesha hali mbaya. Mwanasiasa yeyote akisikia kilio cha namna hiyo anajua afanye nini. Makosa ya kihesabu hayakuwepo, kila kilichoandikwa mle ni kweli, ila kilifika darasani kabla ya mtu wa kukifundisha.

Na haikufa yote, hilo watu hawalijui. Vekta, matriksi, kugeuza na kuzungusha maumbo kwenye grafu, haya ambayo uliyafanya kwenye 8-4-4 yaliingia sekondari na wimbi lile lile. Huku Tanzania seti yenyewe ilibaki kidato cha pili miaka yote. Lililopigwa marufuku ni jina na vitabu, wageni wengine walishapewa vyumba.

Kuhusu CBC, kwa vile umeigusa, ilianza kuenezwa rasmi 2019, na sisi tulishabadilisha mtaala wetu kuelekea umahiri tangu 2005, halafu tena mtaala mpya Januari 2024. Ninachokiangalia kila mtaala ukija ni kimoja tu, mwalimu wa shule ya mwisho wa barabara kapewa muda gani wa kujifunza kabla ya watoto. Kitabu kizuri huwa kipo. Darasa la watoto themanini na mwalimu ambaye kakiona kitabu Ijumaa, afundishe Jumatatu, Entebbe inarudi pale pale kwa jina lingine. Nawe mzazi ukiona mtoto karudi na kazi ya kukata makaratasi na kukusanya vizibo vya soda usicheke, muulize tu hivi vizibo vinaonyesha nini. Akijibu, mwalimu wake anaijua kazi. Akisema "mwalimu alisema tulete vizibo", basi hapo una shida.

Mambo mwalimu, niko kidato cha nne Mwanza. Basic Mathematics haturuhusiwi kalkuleta, tunatumia foo figa. Baba anaona sifa kabisa, anasema ndo hesabu za kweli. Mi naona ni mateso tu. Nani anatumia logi 2020 na kitu? – Mateso, Mwanza

Poa. Jina ulilochagua limenichekesha.

Wasiojua, foo figa ni kile kitabu chembamba chenye kurasa za namba tupu, kila namba imeandikwa kwa tarakimu nne. Kazi yake ni kugeuza kuzidisha kuwe kujumlisha. Unataka 48.6 mara 7.35. Unatafuta logi ya 48.6, yaani kipeo cha kumi kinachotoa 48.6, unapata 1.6866. Ya 7.35 ni 0.8663. Unajumlisha, 2.5529. Ile 2 ya mbele unaiweka pembeni, 0.5529 unairudisha kwa jedwali la antilogi, inatoka 3.572, na ile 2 inakwambia sogeza nukta mara mbili, 357.2. Kalkuleta itakwambia 357.21. Umekosa punje tu, na hujazidisha hata mara moja.

John Napier wa Scotland alitoa wazo hilo 1614, Henry Briggs akatoa majedwali makubwa ya besi kumi mwaka 1624, na kuanzia hapo kwa miaka kama 350 mabaharia, wataalamu wa nyota, wajenzi wa reli na madaraja, wote walitembea na hicho kitabu. Baba yako anaona sifa na ana haki, ilikuwa mashine ya enzi zake. Ila mwaka 1972 ikatoka HP-35, kalkuleta ya kwanza ya mfukoni yenye logi na sine ndani, na ndani ya miaka michache foo figa duniani kote ikaanza kwenda makumbusho. Kwetu ikaingia kwenye chumba cha mtihani ikakaa.

Maoni yangu, na najua walimu wenzangu watanipigia simu: kalkuleta ndogo iruhusiwe, na dakika mnazopoteza kutafuta mstari wa 48 na safu ya 6 na kuhangaika na logi zenye kidashi juu zitumike kwenye maswali ya kufikiri. Ufaulu wa somo hili kidato cha nne miaka mingi umekuwa mtu mmoja kati ya watano au wanne, jedwali halijawaokoa hao wengine. Logi yenyewe ibaki, iko kwenye kipimo cha asidi, kwenye ukubwa wa tetemeko, kwenye kujua mkopo wa riba utajirudia mara mbili lini.

Kitu kimoja baba yako anacho na wewe huna, ukichukue kwake. Kabla hajafungua kitabu alikuwa anakisia, 50 mara 7 ni 350, jibu litakuwa hapo karibu, maana jedwali halikumwambia nukta iko wapi mpaka afikiri mwenyewe. Mtu wa kalkuleta akibonyeza vibaya akapata 35,721 anaandika tu. Muombe akufundishe kukisia, foo figa mwachie.

Habari mwalimu, tuko Columbus, Ohio. Binti yangu gredi ya nne anazidisha kwa kuchora visanduku! Nikamfundisha ya kwetu ya kushuka chini, akasema mwalimu atakasirika. Wamarekani hawajui kuzidisha? – Baba Ohio

Wanajua baba, tulia. Chukua 47 mara 36. Wewe unaanza 6 mara 7 ni 42, andika 2, 4 kichwani, na unaendelea. Binti anachora kisanduku cha vyumba vinne: 40 mara 30 ni 1,200, 40 mara 6 ni 240, 7 mara 30 ni 210, 7 mara 6 ni 42. Jumla 1,692. Ni namba zako zile zile, ila wewe umezificha kwenye kubeba na yeye kazianika. Akifika aljebra kisanduku hicho hicho kitafungua mabano, wewe na mimi tulifundishwa hilo kama jambo jipya kabisa.

Hayo yametokana na viwango vya mwaka 2010 ambavyo majimbo mengi yalivichukua, Ohio ikiwemo, na njia ya kushuka chini imo, kwenye kuzidisha inadaiwa gredi ya tano. Wanaichelewesha makusudi ili picha itangulie. Singapore wanafanya hivyo tangu miaka ya 80, kitu cha kushika kwanza, halafu picha, alama mwisho. Kwa hiyo mfundishe ya kwako, ila mwakani, na mwambie akuonyeshe kila namba ya kisanduku imekwenda wapi kwenye njia yako. Utaona na wewe unajifunza.

Asalaam aleikum. Bibi yangu hajakanyaga shule ya serikali, kasoma chuoni tu, yaani madrasa, lakini mambo ya mirathi anagawa sehemu haraka kuliko mimi niliyemaliza kidato cha sita. Kajifunzia wapi sehemu? – Kijana wa Unguja

Waaleikum salaam. Kajifunzia hapo hapo chuoni, na kwa njia ya zamani kuliko shule yako. Mtu amefariki, kaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke thumni, yaani 1/8, mama sudusi, 1/6, kinachobaki mtoto. Bibi hatafuti kitu, moja kwa moja anasema mafungu 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Hiyo 24 ni KDS ya 8 na 6. Al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra kule Baghdad karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu ilikuwa mirathi, kwa hiyo bibi yako na somo la aljebra wana babu mmoja. Muulize wakizidi je: mke wa mtu kafariki, kaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, mume nusu, dada thuluthi mbili, ukijumlisha inapita moja, 7 juu ya 6. Atakwambia gawa kwa 7, mume 3, dada 4. Muulize na kwa nini, ukae chini, mazungumzo yatakuwa marefu.

Mwalimu, mwanangu darasa la saba alipata A ya Hisabati. Kidato cha kwanza kapata 18. Mtoto ni yule yule, miezi minne tu imepita. Nimpeleke tuisheni? – Mama Dodoma

Subiri kidogo na hela yako. Tangu 1967 watoto wa shule zetu za msingi za serikali wanajifunza kila kitu kwa Kiswahili, mzingo, kipenyo, kigawo, riba, MAGAZIJUTO, halafu siku moja ya Januari wanaamka vyote vimegeuka Kiingereza. Tunabishana miaka njia ya kutoa na njia ya kuzidisha, na mtoto pale katikati kabadilishiwa lugha ya kufikiri kwa wiki sita za matayarisho akibahatika.

Fanya kipimo hiki. Chukua maswali matano aliyokosa kwenye huo mtihani wa 18, tafuta mtu ayageuze kwa Kiswahili, mpe tena bila kumwambia ni yale yale. Akipata matatu au zaidi, hesabu anaijua, kinachomkwamisha ni maneno, na maneno ya hesabu za kidato cha kwanza si mengi, daftari moja la safu mbili linatosha, kila siku maneno matatu na swali moja moja la kuyatumia. Tuisheni ya kumrudishia sehemu na desimali ambazo anazo ni hela ya bure. Akikosa yote matano hata kwa Kiswahili, basi ile A ya mtihani wenye maswali mengi ya kuchagua herufi ilikuwa na bahati ndani yake, na hapo ndo utafute mwalimu, mumuanzie kwenye sehemu. Niandikie ikitoka vipi.